Saa ya Kwanza Baada ya Kishikwambi Kupotea

Kwa Ndugu Wakurugenzi, Wajumbe wa Bodi na Waratibu wa Miradi mnaogawa simu na vishikwambi kwa watu wa uwanjani,

YAH: VIFAA VYA KAZI VISIVYO NA WA KUVIFUNGA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nje ya geti la ofisi yetu kuna kijiwe cha bodaboda. Kijana mmoja pale alichukua simu ya mkopo, anailipia kila siku kidogo kidogo. Akikosa abiria na siku ya malipo ikapita, skrini inajifunga: haifungui WhatsApp, haichezi muziki, inamwonyesha tu namba ya kulipia. Akituma hela, inafunguka kabla hajairudisha mfukoni. Aliwahi kuipeleka kwa fundi aisafishe irudi kama ilivyotoka kiwandani. Fundi akala hela yake, simu ikawaka mpya kabisa, na ilipoonja intaneti ikajifunga tena. Anayemdai hajawahi kumwona hata sura.

Ndani ya simu hiyo mna picha za harusi ya dada yake. Ndani ya kishikwambi tulichompa mhudumu wa afya ngazi ya jamii mlikuwa na orodha ya kaya za kijiji kizima: wajawazito na tarehe zao za makadirio, watoto waliokosa chanjo, namba za simu, na nani anameza dawa za kufubaza makali ya VVU. Deni la simu ya bodaboda lina ulinzi. Siri za kijiji hazikuwa nao. Nimefanya kazi ya TEHAMA kwenye miradi ya afya Kanda ya Ziwa kwa miaka tisa, na nimeamua kuandika hadharani kwa sababu madokezo ya ndani nimeshaandika mengi na yote yamefailiwa vizuri.

Mama mmoja, mhudumu wetu, alichaniwa mkoba kwa wembe mnadani. Alinipigia saa tisa alasiri akihema. "Mwanangu, kimeenda." Nikamwamkia kwanza, mazoea hayana dharura, kisha nikamuuliza kama kilikuwa na namba ya siri. Akanyamaza kidogo. Kilikuwa nayo: 1234, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye kikaratasi kilichobandikwa nyuma ya kifaa. Mwandiko ulikuwa wangu. Vishikwambi sitini vilifika Alhamisi, mafunzo yalikuwa Ijumaa, na mfadhili alitaka picha za ugawaji kabla ya mwisho wa mwezi.

Nilimwambia mama asubiri nitampigia. Sikuwa na la kumpigia kumwambia. Akaunti ya Google iliyokuwemo kwenye kile kifaa ilikuwa ya mratibu aliyekwisha kuhamia mradi mwingine, nywila alishaibadilisha, na yeye mwenyewe hakupatikana hadi jioni. Alipoingia, ramani ikaonyesha kifaa kilionekana mara ya mwisho saa tisa na robo, pale pale mnadani. Baada ya hapo kimya. Hadi leo sijui kama aliyekichukua alisoma majina, au alikipeleka kwa fundi kikasafishwa na kuuzwa bila yeye kujua alibeba nini. Wenye majina yao hawakuambiwa kitu, hivyo hata swali lenyewe hawajui kama lipo.

Kikao kilikaa wiki iliyofuata. Kilichojadiliwa ni bei ya kishikwambi. Ikaamuliwa mama akatwe elfu ishirini kila mwezi kwenye posho yake mpaka hela itimie. Kuhusu majina ya watu, muhtasari wa kikao una sentensi moja: wafanyakazi wakumbushwe kutunza vifaa.

Miezi minne baadaye mhudumu mwingine, kijana, akapoteza cha kwake. Hakuniambia. Niligundua mwenyewe siku ya kumi na tisa kwa kuwa kijiji chake kilikuwa kimeacha kuleta taarifa. Nilipompigia alisema mtandao unasumbua. Nilipomfuata nyumbani alinionyesha bahasha: alikuwa anachanga. Alikuwa amebakiza elfu themanini anunue kinachofanana, aje akiweke mezani kama hakuna kilichotokea. Nilikasirika kwa dakika moja hivi, halafu nikakumbuka tulichomfanyia mama. Kijana alikuwa amesoma muhtasari wetu vizuri kuliko sisi tuliouandika.

Ndugu Wakurugenzi, naomba tuzungumze kuhusu saa moja tu, ile ya kwanza.

Kifaa kikiibwa huwa bado kimewaka, laini imo, bando lipo. Hali hiyo haidumu. Inakwisha mwizi akifika penye utulivu akachomoa laini au akakizima. Amri ya kukifunga au kukifuta kwa mbali inasafiri kwa intaneti, basi kifaa kisipokuwa hewani amri inakaa foleni ikisubiri, na inaweza kusubiri hadi mradi ufungwe. Kwa hiyo mfumo wa kusimamia vifaa kwa mbali, hata muununue wa bei gani, una thamani kubwa ndani ya saa hiyo na thamani ndogo sana siku ya kumi na tisa. Na anayeamua kama mtaipata saa hiyo ni mtu mmoja aliyesimama stendi, ameshika mkoba uliochanwa, anapiga hesabu kichwani: nikipiga simu nitakatwa shilingi ngapi?

Sheria nayo inataka saa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na usalama wake ukivunjwa aijulishe Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kuchelewa. Wenzetu wa Kenya, kwa sheria yao ya 2019, wamepewa saa 72 tangu kugundua. Taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Sasa mtaijulishaje Tume bila kuchelewa, wakati aliyepoteza bado anajaza bahasha?

Ndiyo maana ombi langu la kwanza halihusu kompyuta hata kidogo. Futeni makato kwa mtu anayetoa taarifa mapema. Andikeni kwenye barua ya makabidhiano, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwamba anayepiga simu ndani ya muda fulani hadaiwi, na wekeni namba ya kupiga ambayo inapokelewa hata saa nne usiku. Mhasibu atasema watu watauza vifaa na kusingizia wizi. Labda mmoja atafanya hivyo. Kifaa kilichoandikishwa vizuri hakina soko zuri, nitaeleza kwa nini, na kishikwambi kimoja kilichouzwa ni nafuu kuliko kijiji kimoja kilichoanikwa.

Sasa mambo ya kifundi, na nitajitahidi kutowachosha.

Kishikwambi cha Android huwezi kukiweka chini ya usimamizi kamili wa shirika wakati wowote unaotaka. Hilo hufanyika pale tu kinapowashwa mara ya kwanza, kabla hakijaingizwa akaunti yoyote. Kwenye ukurasa ule wa kukaribisha unagusa kioo mara sita sehemu moja, kamera inafunguka, unaielekeza kwenye msimbo wa QR wa shirika lenu, na kutoka hapo kifaa kinajua mwenyewe ni nani. Dakika chache kwa kila kimoja. Mkishakigawa bila kufanya hivyo, njia iliyobaki ni kukirudisha, kukisafisha chote na kuanza upya. Sisi tulivikusanya hamsini na nane kutoka vijiji vilivyotawanyika, vingine ng'ambo ya ziwa. Nauli, posho na mafuta ya zoezi lile vilizidi gharama ya mfumo wenyewe kwa mwaka mzima. Kazi ya siku mbili ofisini tuliifanya kwa miezi miwili barabarani, kwa sababu ya picha za ugawaji.

Kuna njia bora zaidi, ambayo muuzaji aliyeidhinishwa anavisajili vifaa kwa jina la shirika kabla hajawaletea. Kikiwashwa popote na kupata intaneti, kinaelekea kwenu chenyewe, hata kama fundi wa mtaani ameshakisafisha mara tano. Hapo ndipo soko la wizi linapokufa, kama ilivyokufa kwa simu ya kijana wa bodaboda. Lakini inategemea mlinunua wapi na mlinunua nini. Zabuni ikiandikwa "vishikwambi, inchi 8, bei ya chini kabisa," mtaletewa vile visivyo na cheti cha Google, ambavyo havikubali usimamizi wa aina hii na mara nyingi havipati sasisho la usalama. Mwiteni mtu wenu wa TEHAMA siku zabuni inapoandikwa. Sisi tuna kawaida ya kuitwa siku ya kufungua maboksi.

Turudi kwa mwizi aliyechomoa laini. Amri haimfikii, je, majina yako salama? Hapa ndipo watu wengi wanadanganywa na neno "kufuta kwa mbali," wakidhani ndilo komeo. Komeo lenyewe ni namba ya siri. Vifaa vipya vya Android kuanzia toleo la 10, la mwaka 2019, vinatakiwa kusimba data iliyomo, yaani kuigeuza mchanganyiko usiosomeka, na ufunguo wa kuirudisha umefungamanishwa na namba ya siri ya skrini. Mwizi hata akikifungua kwa bisibisi, anakuta mchanganyiko. Lakini namba yenyewe ikiwa 1234, na imebandikwa nyuma, hesabu zote hizo za wanasayansi zinaishia kwenye kikaratasi changu. Mfumo wa usimamizi unaweza kulazimisha tarakimu sita zisizofuatana, skrini ijifunge baada ya dakika mbili, kadi ya kumbukumbu ya nje isitumike, na namba ikikosewa mara kumi kifaa kijifute chenyewe papo hapo bila kuhitaji mtandao wowote. Haya ndiyo yanayofanya kazi saa ambazo sisi tumelala. (Watoto wa nyumbani waliwahi kutufutia kimoja kwa mtindo huo. Ilibidi wawe na subira, maana kifaa kinakuchelewesha zaidi kila ukikosea, lakini watoto wa likizo subira wanayo.)

Fomu nazo zina la kufanya. Wanaotumia ODK, programu ya kukusanya taarifa kwa fomu, wanaweza kuweka fomu zinazosimbwa mara tu zinapokamilishwa, kiasi kwamba hata mhudumu aliyezijaza hawezi kuzifungua tena kwenye kifaa. Ufunguo wa kuzisoma uko makao makuu. Kishikwambi kinachobeba vitu ambavyo chenyewe hakiwezi kuvisoma ni kishikwambi kizuri cha kuibiwa.

Kufuta kuna maumivu yake pia, na ningependa myajue kabla hamjaniamuru nibofye. Mhudumu anayefanya kazi kijiji kisicho na mtandao anaweza kukaa na ziara za wiki nzima ambazo hazijatumwa. Ukimfutia, umefuta na wiki hiyo. Na vifaa vingi vinavyoripotiwa havijaibwa kabisa: kimesahauliwa kwenye bajaji, kimeachwa msibani, kimechanganyika na nguo za safari. Kwa hao tunaanza kwa kukifunga tu, na skrini inaandika maneno: mpataji apige namba hii, tafadhali. Makondakta na madereva wa bajaji wametupigia zaidi ya mara moja, na mmoja alikataa hata hela ya soda. Lakini mkoba uliochanwa kwa wembe hausubiri hisani ya mpataji. Unatazama mara ya mwisho kilipotuma data, unapima, unabofya. Uamuzi huo haupaswi kuwa wangu peke yangu saa nne usiku, huku nikijiuliza nani atanilaumu asubuhi. Uandikwe mapema kwenye karatasi moja: hali ipi kufunga, hali ipi kufuta, nani anatoa ruhusa, na asipopatikana kwa nusu saa nani anashika nafasi yake. Karatasi ya kwetu tuliichora kwenye mlo wa mchana. Haikuhitaji mshauri mwelekezi kutoka Dar es Salaam.

Kwenye karatasi hiyo mpangilio nao una maana, na huu tulijifunza kwa kuumia. Kishikwambi cha tatu kilipoibwa tayari tulikuwa na mfumo, tayari nilikuwa na kitufe, na simu ilipigwa mapema. Mtu wa utawala, kwa nia njema kabisa, akakimbilia kupiga huduma kwa wateja kufunga laini. Laini ikafungwa, na intaneti ya kifaa ikaondoka nayo. Amri yangu ikabaki kwenye kompyuta ikisomeka "inasubiri," na iko hivyo mpaka leo. Sasa tunatuma amri kwanza, tunaangalia kama imepokelewa, ndipo laini, ndipo polisi kuchukua RB, yaani namba ya taarifa ya wizi, ndipo kuomba kifaa kifungiwe kwa IMEI, namba yake ya utambulisho. Kwa kuwa laini za vifaa vyetu hatuzisajili huduma ya fedha, hakuna pochi ya kukimbilia kuiokoa kwanza.

Hiyo IMEI mnaijua. Mnakumbuka usiku wa Juni 16, 2016, simu feki zilipozimwa nchi nzima. Rejista ile ya TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, ndiyo inayowezesha kifaa kilichoibwa kikataliwe na mitandao yetu. Ni jambo jema, ila halifuti jina hata moja. Kifaa kilichofungiwa bado kinawaka na bado kinapokea Wi-Fi. Na lazima muwe na namba yenyewe mkononi. Piga *#06#, inajitokeza, iandikwe siku ya makabidhiano. Za kwetu zilikuwa kwenye maboksi, na maboksi mhasibu alishayageuza kabati la risiti.

Nimesema "kitufe," na hapa pana jambo ambalo nikikaa kimya nitakuwa nimewauzia nusu ya dawa. Anayeweza kufuta kishikwambi kimoja anaweza kufuta vyote. Agosti 2024 mtu aliingia bila ruhusa kwenye mfumo wa Mobile Guardian, uliokuwa ukitumika kusimamia vifaa vya wanafunzi, na huko Singapore vifaa vya wanafunzi wapatao 13,000 wa shule 26 za sekondari vikafutwa kwa mbali. Wizara yao ya elimu ikaiondoa programu hiyo kwenye vifaa vyote. Mwaka mmoja kabla, Julai 2023, wizara 12 za Norway ziliingiliwa kupitia tundu lililokuwa kwenye mfumo wa kampuni ya Ivanti wa kusimamia simu: mlinzi ndiye aliyekuwa mlango. Hizo ni serikali zenye fedha na wataalamu. Sisi akaunti ya msimamizi mkuu ilikuwa kwenye Gmail ya mtu mmoja, nywila ikiwa jina la mwanawe na mwaka aliozaliwa. Nisiulizwe nimejuaje.

Basi akaunti hiyo iwe ya shirika, kwa barua pepe ya shirika. Kila anayeingia aingie kwa jina lake na athibitishe kwa hatua mbili. Wawili wawe na uwezo wa kufuta, asiwepo wa tatu, na mtu akiacha kazi ufunguo wake ufungwe siku ile ile anayokabidhi ofisi, kabla ya keki ya kumuaga. Mfumo wenyewe ukiwa kwenye seva yenu, awepo anayeusasisha. Nimeona shirika lililonunua ulinzi likausahau chumbani miaka mitatu bila sasisho.

Na Gmail ya mtu aliyeondoka, ikibaki kwenye kifaa, ina adhabu nyingine. Tangu Android 5.1, kifaa kikisafishwa kwa vitufe vya pembeni kinadai akaunti iliyokuwemo kabla hakijakubali kuanza. Ulinzi mzuri dhidi ya wezi. Siku tulipotaka kuwapa wahudumu wapya vishikwambi kumi na vinne vya mradi uliokwisha, vyote vikadai nywila ya mtu aliyekuwa masomoni nje ya nchi na asiyekumbuka. Kwa miezi sita vilikuwa vibao vya kukatia nyanya. Vifaa nchini kwetu vinahama mikono, hiyo ni kawaida na ni busara. Vishikwambi vya Sensa ya Agosti 2022 vilikwenda kwa walimu. Kifaa kihame, data ibaki kwa mwenyewe. Bila usimamizi wa mbali mambo huwa kinyume: data inahama na kifaa kinagoma.

Kuna la heshima pia. Mkishakuwa na mfumo mtagundua unaweza kuonyesha kila kifaa kilipo kwenye ramani. Mkuu mmoja alishaniomba nimfungulie ramani hiyo Jumamosi asubuhi aone nani yuko kijijini na nani yuko shambani kwake. Nilimjibu kwa adabu kwamba mfumo uko kwenye matengenezo, na kwa kuwa sasa nakiri hadharani, niseme na sababu. Mhudumu akijua kishikwambi kinamchunguza atakiacha nyumbani, kama si kwenye debe la mchele, na siku kikiibwa kweli hatakuwa na haraka ya kukupigia wewe unayemvizia. Tulikubaliana kwa maandishi: eneo linatazamwa kifaa kikiripotiwa kimepotea tu, na kila mara ukitazama jina lako linabaki kwenye kumbukumbu. Wahudumu walisomewa hilo kikaoni, wakauliza maswali kwa saa nzima, wakasaini.

Wale wanaotumia simu zao wenyewe wana haki zaidi. Simu ya mtu haigeuzwi mali ya mradi kwa sababu mmempa bando. Android ina wasifu wa kazi, chumba cha pembeni ndani ya simu hiyo hiyo, programu zake zina alama ya mkoba mdogo. Shirika linaweza kukifuta chumba hicho peke yake. Picha za mtu, meseji zake na programu zake binafsi halizioni wala halizigusi. Waonyesheni kwa macho, maana ukisema "tutasimamia simu yako" mtu anasikia kitu kingine kabisa. Afadhali hivyo kuliko hali ilivyo sasa, ambapo rejesta ya kliniki inapigwa picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu sabini, wakiwemo waliokwisha kuacha kazi. Kundi hilo hakuna kitufe kinacholifuta.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Mifumo mingi inalipiwa kwa kifaa kwa mwezi, ipo ya chanzo huria kama Headwind MDM kwa wenye fundi wa kuitunza, na wenye Google Workspace tayari wana usimamizi wa awali ndani ya kile wanacholipia, hawautumii tu. Kinachosahaulika kwenye bajeti ni bando. Kishikwambi kisicho na bando hakipokei sasisho, hakitumi data, na hakisikii amri. Nimeona mradi ukilipia mfumo wa mwaka mzima halafu ukakata bando la wahudumu kubana matumizi. Ni kama kumlipa mlinzi na kumfungia nje ya geti.

Bodi yetu ilikubali kufuta makato mwaka jana, baada ya vikao vitatu. Anayepiga simu ndani ya saa ishirini na nne hadaiwi. Wiki sita baadaye, saa mbili na nusu usiku, akanipigia yule kijana wa bahasha.

"Kaka, kimeenda."

"Lini?"

"Sasa hivi. Niko stendi, hata basi halijaondoka."

Amri ilitoka saa mbili na dakika arobaini na moja, ikapokelewa saa mbili na arobaini na nne. Alikuwa ametuma data mchana, kwa hiyo tulipoteza ziara saba za kaya. Jumanne alizirudia zote kwa miguu. Kishikwambi hatukukipata. Sikukitafuta sana.

Yule mama wa mnadani alimaliza kukatwa Desemba, miezi kumi na saba. Nimeuliza mara mbili kama anaweza kurudishiwa hela yake, nikajibiwa kwamba uamuzi mpya haurudi nyuma. Naliuliza tena hapa mara ya tatu, mbele ya watu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Ofisa TEHAMA wa mradi, Kanda ya Ziwa

Nakala:
Mhasibu – kwa ajili ya bando, na maboksi.
Ofisa Ununuzi – kabla ya zabuni ijayo.